Mkono wa Nyanya na Mizani Yangu

Chupa ya kwanza ya manukato niliyoiuza Nairobi ilikuwa ya mililita 30, na aliyeinunua alikuwa mwalimu wa Jiografia katika shule ya upili nilikoajiriwa kutunza maabara. Ilikuwa mwaka 2016. Nilikuwa nimechanganya mafuta ya asumini, mdalasini, sandali na vitu vingine viwili vitatu ndani ya kikombe, nikatia spiriti, nikatikisa, nikamkabidhi. Baada ya wiki tatu alirudi na chupa tupu, na nyuma yake walimu wawili waliotaka manukato yale yale. Sikuwa nimeandika chochote. Nilijaribu kuyarudia mara saba, na mara zote saba mwalimu alinusa kifundo cha mkono wake, akatulia kwa adabu, akasema, “Haya pia ni mazuri, lakini siyo yale.” Aibu ilinizidi kwa sababu mshahara wangu ulitokana na kuwapimia wanafunzi kemikali kwa gramu na kuwakaripia waliokisia, na jioni nilirudi chumbani kwangu Pangani nikakisia kuliko wao wote.

Kukisia nilikurithi. Nilizaliwa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, ndani ya nyumba ambamo kutengeneza harufu nzuri kulihesabiwa miongoni mwa kazi za nyumbani kama kufua na kupika. Nyanya, mzaa mama, alipika udi kila mwaka mfungo wa Ramadhani ulipokaribia. Aliyeyusha sukari pamoja na marashi katika sufuria nzito, akamimina vipande vya udi na unga wa sandali, akakoroga kwa mwiko ambao haukuruhusiwa kugusa chakula, kisha akaepua kabla ya kutia mafuta ya miski na chembe ya ambari, kwa kuwa, alituambia, vilivyo vyepesi haviketi na moto. Mchanganyiko ulipopoa aliuvunja vipande, akaufungia ndani ya mtungi wa kigae, na hakuna aliyeruhusiwa kuufungua kabla ya majuma manne. Sikumwona hata siku moja akishika kijiko cha kupimia. Kila kitu kilipita katika kiganja chake, na udi wa mwaka huu ulinukia sawasawa na wa mwaka jana.

Mimi sikuwa na kiganja hicho, kwa hiyo nilinunua mizani ya sonara katika duka moja la Ngara, ndogo kama simu, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Kabla ya hapo nilikuwa nimeanza kuandika matone, nikidhani kwamba nimetubu. Tone si kipimo. Tone la maji hukaribia gramu 0.05, ilhali tone la spiriti halifikii hata nusu ya hilo kwa sababu spiriti haijishikilii kama maji. Na mafuta mazito ya sandali, asubuhi ya baridi ya Julai, hutoka kwenye kibomba kwa kuburuta, tone nono likifuatwa na uzi usiotaka kukatika. Aliyeandika “matone kumi” hajaandika kitu. Tangu nilipoanza kuandika gramu, na kuyazimua kwanza malighafi makali katika spiriti hadi sehemu moja kwa kumi ili nisilazimike kupima kisichopimika, nimeweza kurudia kila nilichokitengeneza, kizuri kwa kibaya. Manukato yale ya mwalimu peke yake ndiyo sijayapata hadi leo.

Kuzimua kulinifunza jambo lingine ambalo sikulitarajia. Katika harufu ya asumini mna kemikali iitwayo indoli. Ukiifungua ikiwa tupu, hunuka kama dawa ya nondo iliyosahauliwa karibu na choo, na si ajabu, kwani indoli hiyo hiyo imo ndani ya kinyesi. Nilipoifungua mara ya kwanza nilidhani nimeuziwa kitu kilichooza. Nikaizimua hadi sehemu moja kwa mia, kisha moja kwa elfu, na katika chupa ile ya tatu nikakutana na kikuba cha mama, asumini na mrehani vilivyofungwa pamoja na kubanwa kwenye nywele usiku wa arusi, na joto la watu wengi katika chumba kimoja. Kemikali ilikuwa ile ile. Kiasi ndicho kilichobadilika. Wazee wetu waliotumia zabadi, ute mkali unaotoka katika tezi za ngawa ambao Ethiopia imeufanyia biashara kwa karne nyingi, walilijua hilo bila mizani yangu.

Nilitaka kujua pua inafanyaje kazi hiyo, nikasoma kila nilichoweza kukipata. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel, watafiti wa Marekani, walitangaza kwamba wamezigundua jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu, na mwaka 2004 walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Binadamu ana takriban aina 400 za vipokezi hivyo juu kabisa ndani ya pua. Hakuna kipokezi cha waridi wala cha samaki. Kila harufu huamsha kundi lake la vipokezi, kama vidole vinavyogusa funguo kadhaa za kinanda kwa pamoja, na ubongo hulitambua kundi hilo. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa karvoni. Kemikali hii huwa na maumbo mawili, moja likiwa sura ya mwenziwe kwenye kioo, mithili ya mkono wa kulia na wa kushoto. Umbo moja hunukia nanaa na la pili hunukia kisibiti. Atomi ni zile zile, idadi ni ile ile, ila pua inatambua kwamba kiatu cha kushoto hakiingii mguu wa kulia. Niliwapa wanafunzi wa kidato cha nne mafuta hayo mawili wakiwa wamefumba macho, na somo zima la kemia ya kaboni, lililokuwa likiwasinzisha, likageuka ubishi hadi kengele ikalia.

Mizani ilinipa uwezo wa kurudia, lakini haikunifundisha kusubiri. Hilo nilifundishwa Eastleigh, katika duka jembamba la mzee mmoja muuza mafuta, lenye chupa za vioo hadi darini, ubani na manemane katika magunia, na unsi wa Kisomali ambao nao hupikwa kwa sukari, jambo lililonifanya nijihisi nimefika kwetu. Siku ya kwanza nilipakwa mafuta fulani mgongoni mwa mkono, nikayapenda papo hapo, nikasema, “Mzee, nipimie haya.” Alifunga chupa.

“Hujayapenda bado, binti,” akasema. “Umeyapenda yanayotangulia tu. Nenda kanunue unga wako, swali adhuhuri, kisha urudi.”

Nilirudi saa nane nikiwa nimechukia kile kilichobaki mkononi. Mzee hakunicheka, alinionyesha chupa nyingine, akanifukuza tena. Alichokuwa akinifunza kina maelezo yake katika sayansi. Mafuta ya ndimu na machungwa yana molekuli ndogo zinazoruka upesi, na katika saa moja hivi huwa zimekwisha. Maua na viungo hukaa kwa saa kadhaa. Sandali, udi, miski na vanilini huweza kubaki kwenye karatasi ya kunusia kwa siku nyingi. Kwa hiyo manukato ni mfululizo wa harufu zinazopokezana, na mtengenezaji asiyekaa nayo kutwa nzima ameuza sehemu ya kwanza tu. Siku hizi huandika saa kwenye kila karatasi ya kunusia, na huirudia baada ya dakika kumi, baada ya saa moja, saa nne, na asubuhi yake.

Kuna na hali ya hewa. Yale niliyoyaleta kutoka Mombasa, ambayo kule yalitembea mbele ya mtu kama tarumbeta, yalifika Nairobi yakajikunyata. Jiji hili liko karibu mita 1,700 juu ya bahari, usiku wake ni baridi na hewa yake aghalabu ni kavu, na ngozi yenye baridi haiyasukumi mafuta mazito hewani kama ngozi inayotoka jasho Kilindini. Ndiyo maana ninapomtengenezea mtu anayeelekea pwani hupunguza vizito, na anayebaki hapa humwongezea. Pua nayo huchoka. Baada ya harufu tano au sita mfululizo, vipokezi na ubongo vyote huwa vimezoea, na unachonusa ni kumbukumbu. Wauzaji wa maduka ya kifahari huweka bakuli la buni ili mteja anuse asafishe pua. Buni ni harufu nyingine tu, haina uwezo huo. Mimi hunusa kiwiko cha nguo niliyovaa, kisha natoka kwenda kusimama barazani.

Kosa lililonigharimu fedha lilitokana na kusifiwa. Mwaka 2018 nilipata maombi mengi ya Idi kuliko spiriti niliyokuwa nayo, nikaongeza maji ili chupa zijae. Tulikua tukiambiwa kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nililitia hasa, bila hata kuona aibu. Chupa arobaini zilipiga ukungu usiku mmoja zikafanana na maji ya mchele. Mafuta huyeyuka katika spiriti yenye nguvu, lakini maji yakizidi, spiriti huyashika maji na kuyatema mafuta, nayo hutawanyika kuwa vitone vidogo mno ambavyo jicho huviona kama wingu. Nilizimwaga zote. Tangu siku hiyo huwa nikishachanganya nayaacha manukato gizani kwa majuma manne, muda ule ule wa mtungi wa nyanya, nikiyachuja mwishoni. Katika majuma hayo kemikali hushikana na spiriti na zenyewe kwa zenyewe, makali ya mwanzo hupungua, na kilichokuwa kelele huanza kuwa mazungumzo.

Kosa la pili halikunigharimu mimi. Kijana mmoja alinunua manukato yangu ya ndimu, akajipaka shingoni saa nne asubuhi, akashinda uwanjani akitazama mpira. Siku ya tatu shingo ilikuwa na mabaka mekundu yaliyogeuka meusi, na yalichukua miezi kufifia. Mafuta ya ndimu yanayokamuliwa kwa kukandamiza maganda yana kemikali zinazochokozwa na mwanga wa jua hadi zikaunguza ngozi. Yale yanayopatikana kwa kukenekwa, yaani kubebwa na mvuke ambao kisha hupozwa na kukusanywa, hayana. Shirika la kimataifa la watengenezaji manukato, IFRA, lililoanzishwa mwaka 1973, linaweka kikomo cha asilimia 0.7 kwa mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa, katika bidhaa inayobaki kwenye ngozi. Yangu yalikuwa na asilimia nne, na sisi tunaishi nyuzi moja tu kusini mwa Ikweta, juu ya mlima, chini ya jua lisilo na mzaha. Nilikuwa najua kupima, lakini sikuwa nimejiuliza kipimo ni cha nini. Nilimlipa gharama za daktari, nikamwomba radhi yeye na mama yake, na siku hizi siweki kitu kwenye chupa kabla ya kusoma kikomo chake. Kwamba kitu kimetoka kwenye mti si ushahidi kwamba hakidhuru. Gome la mdalasini limewaunguza watu wengi waliodhani wanajipaka asili.

Kuhusu sandali nitasema machache, kwa kuwa bado najiona na deni. Mara ya kwanza nilipotafuta mafuta hayo kwa bei nafuu, mtu mmoja aliniambia anayo ya Kenya, tena mengi. Msandali wetu wa Afrika Mashariki, ambao wataalamu huuita Osyris lanceolata, umepigwa marufuku kuvunwa msituni Kenya tangu mwaka 2007, na tangu 2013 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES. Wanaouiba huung'oa na mizizi, kwa kuwa mizizini ndimo mafuta yalimo kwa wingi, kwa hiyo mti hauchipui tena. Nilinunua chupa moja kabla ya kuuliza. Sasa natumia sandali ya mashambani, ya nje, ambayo ni ghali, na ninapopungukiwa fedha natumia ile ya maabara, na wateja wangu huambiwa ni ipi.

Januari 2021, shule zilipofunguliwa baada ya miezi mingi ya korona, mwanafunzi aliinua mkono maabara akasema, “Madam, gesi inavuja.” Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu, hutiwa kemikali ya kunuka ili mtu yeyote aitambue upesi. Darasa zima lilikuwa limeziba pua. Mimi, mtengenezaji wa manukato, nilikuwa nimesimama mita moja kutoka kwenye bomba, sikusikia kitu.

Virusi vile havikuzishambulia hasa seli zenyewe za kunusa, bali seli zinazozihudumia, na zile za kunusa zikabaki kama mafundi waliokatiwa umeme. Nilifuata zoezi ambalo Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walilichapisha mwaka 2009: kunusa harufu nne, waridi, limau, karafuu na mkaratusi, asubuhi na jioni kwa majuma kumi na mawili, kila moja kwa sekunde kadhaa, ukiikumbuka kwa bidii. Nilizipanga chupa nne kando ya kitanda. Majuma matano nilinusa hewa. Kisha karafuu ilirudi, lakini ilirudi ikiwa mpira wa gari unaoungua, na kwa miezi miwili sikuweza kukaa chumba kimoja na pilau. Nilipiga simu Mombasa nikalia.

“Usiache kuinusa,” nyanya aliniambia. “Mgeni akija na uso mbaya, mkaribishe tu, huenda amechoka njiani.”

Waridi lilifuata, limau likafuata, na karafuu mwishowe ikavua ule mpira siku ya Jumapili mwezi wa Juni, nikiwa nimesimama foleni ya chai kwenye hitima. Katika miezi hiyo yote nilikuwa nimeendelea kuwauzia wateja wa zamani. Nilifungua daftari, nikapima gramu kwa gramu yale yaliyoandikwa, nikafunga chupa bila kunusa, nikampa jirani anuse kwa niaba yangu. Hakuna mteja aliyelalamika. Jambo hilo lilinifurahisha na kunitisha kwa kiasi sawa, maana sikujua tena pua yangu ilikuwa ya nini.

Pua iliporudi niliipa kazi ambayo daftari halikuwa na jibu lake: mvua ya kwanza ya Machi, inaposhuka kutoka upande wa Ngong baada ya miezi ya vumbi. Mwaka 1964 Isabel Bear na Richard Thomas, wanasayansi wa Australia, waliipa harufu hiyo jina la petrikori, na walieleza kwamba mafuta yanayojikusanya kwenye mawe na udongo wakati wa ukavu hufunguliwa na unyevu. Ndani yake mna pia jeosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, na pua ya binadamu huitambua ikiwa sehemu chache tu katika trilioni. Nchini India, katika mji wa Kannauj, mafundi wameiteka harufu hiyo tangu zamani: huoka vigae vya udongo, huvikeneka katika vyungu vya shaba, na mvuke huupokea ndani ya mafuta ya sandali.

Nilianza kwa kuwaiga. Nilichukua udongo mwekundu wa Kikuyu na udongo mweusi wa Embakasi, nikafinyanga mikate bapa, nikaioka kwenye jiko la makaa, nikaikeneka katika sufuria ya shinikizo niliyoiunganisha na bomba la shaba. Udongo mweusi ulinipa tope. Mwekundu ulinipa kitu cha ajabu, harufu ya maji yaliyolala katika mtungi mpya, nami nilikaa chini jikoni nikanusa kifuniko kwa muda mrefu. Lakini mtungi si mvua. Nikaagiza jeosmini iliyozimuliwa, nikaitia, na kwa kuwa niliizidisha kwa kiasi ambacho mizani yangu haikuweza hata kukisoma, manukato yakanuka bitiruti na samaki wa bwawani. Ni kemikali ile ile, kwa kweli, inayompa samaki wa maji yaliyotuama ladha ya matope, na asidi huivunja, ndiyo maana mama zetu humkamulia samaki ndimu kabla ya kumtia chumvi. Kwa siku mbili niliogopa kwamba mafuta ya ndimu yangeivunja ndani ya chupa yangu pia, hadi nilipokumbuka kwamba asidi imo kwenye maji ya ndimu wala si kwenye mafuta ya ganda.

Nilikwama hapo kwa karibu mwaka. Kilichonikwamua ni kusimama kwenye mvua yenyewe na daftari, nikiandika saa kama ninavyofanya kwenye karatasi za kunusia. Kwanza huja ubaridi mkali kabla ya tone lolote, ozoni inayotengenezwa na radi na kushushwa na upepo wa mvua. Kisha vumbi linaloinuka matone ya kwanza yanapolipiga. Kisha majani. Udongo wenyewe, ule ninaoukumbuka kama mvua, hufika wa mwisho na hubaki hadi jioni. Basi nikaupanga mchanganyiko kwa zamu hiyo: ndimu iliyokenekwa na leleshwa mbele, ile leleshwa yenye ukali wa kafuri ambayo morani wa Kimaasai hujiweka makwapani, chembe ya jeosmini katikati, na nyuma, maji ya mtungi ndani ya sandali. Jaribio la 31 ndilo nililompelekea mwalimu wa Jiografia, ambaye sasa amestaafu. Alinusa, akaniambia nisubiri, akaendelea kukuna nazi. Baada ya nusu saa alinusa tena.

“Hii ni mvua ya Machakos,” akasema. “Ya Nairobi ina lami.”

Niko kwenye jaribio la 38.

Agosti 2023 nyanya alikuja kwangu kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Siku nne kabla ya upasuaji, akiwa anaona vivuli tu, aliomba sufuria. Alisema hawezi kukaa nyumba isiyo na udi. Nilimwandalia kila kitu, na chini ya bakuli la kupokelea, bila kumwambia, niliweka mizani. Kila alipotia kiganja cha unga wa sandali ndani ya bakuli nilisoma namba: 41.2, kisha 40.6, kisha 41.0. Viganja vya sukari vilipishana kwa gramu tatu. Nilikuwa nimewakaripia wanafunzi wenye macho mazima na vijiko vya kupimia kwa tofauti kubwa kuliko hizo.

“Wewe wanipima mkono?” akauliza, kwa kuwa mizani ilikuwa imelia.

“Nakiri, nyanya.”

“Na umepungua?”

“La, haujapungua.”

Alicheka, kisha akainamisha kichwa kwenye sufuria, sikio kwanza. Marashi na sukari vilianza kuchemka, akakunja uso. “Huku maji yachemka kabla hayajawa moto,” akasema, na alikuwa sahihi kabisa. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi karibu 94, kwa sababu ya mwinuko, na sijui mtu mwingine aliyeligundua hilo kwa kusikiliza sufuria. Nilimuuliza nitajuaje wakati wa kutia udi. Aliniambia nisikilize: sukari huanza kwa kelele nyingi ndogo ndogo, kisha mapovu huwa makubwa na mazito, kisha huja kimya kifupi kabla haijaanza kuungua, na udi hutiwa ndani ya kimya hicho. Nilikuwa nimeandika uzito wa kila kitu. Kwenye safu ya muda nikaandika, “mpaka sukari inyamaze,” nikaona haya kwa sentensi hiyo katikati ya namba, lakini sikupata nyingine.

Jicho lake lilipona, akarudi Mombasa. Nilijaribu peke yangu mara mbili. Mara ya kwanza niliwahi, udi ukawa uji usioganda. Mara ya pili nilisubiri kimya hadi kikawa moshi, na sufuria ile haijatakata hadi leo. Mara ya tatu nilimpigia simu, nikaiweka simu kando ya jiko ikitazama sufuria, nikasimama na mwiko mkononi. Hakusema kitu kwa muda mrefu hadi nikadhani laini imekatika.

“Tia,” akasema.

Nikatia.